Nilihama université toka Beni, Butembo ikaniuliza: "Shamba yako iko wapi?"

Bakubwa na badogo ba humu, jambo yenu. Na bale banasomaka kimya kama bapelelezi ba ANR bila kuacha ata komenti moya, na nyinyi jambo.

Hii naleta hapa ni kweli tupu. Kama kuna sentensi moya ya bongo, ya uongo, Mungu anirudishe L1, mwaka ya kwanza ya université. Mukifika mwisho mutaona kama hiyo kiapo si ya kuchezea.

Miye ni Kakule. Kwetu Banande hiyo jina inasema tu kama niko mutoto mwanaume wa ine kwa Mama, donc musijisumbue kunitafuta. Tuko Bakakule ya kujaza stade ya mupira.

Nasoma agronomie, masomo ya kilimo. L1 nilifanyia Beni, na cote zangu, alama za mitihani, zilikuwa za kutembeza nyumba kwa nyumba mu quartier. Zaidi cours moya: Agriculture générale, pamoja na travaux pratiques yake, TP, kazi za mikono. Seize kwa vingt, kumi na sita kwa makumi mbili.

Ngoja niwaeleze hiyo seize.

Shamba ya université yetu ilikuwa upande ya pori, fasi batu hawaendake tena juu ya kukosa usalama. Hakuna mwanafunzi mujinga ya kwenda kufa juu ya crédits za masomo.

Prof wetu, mutu wa akili, akaleta shamba mu auditoire, chumba ya masomo. Ku ubao. Akachora mistari, akachora cacao, akachora ata kivuli ya cacao. Anakuita mbele, unashika craie, ile chaki, unapanda.

Bakubwa, ile cacao ilikuwa muzuri! Haikugonjwa ata siku moya. Bezi hawakuigusa. Siku ya mavuno délégué wa darasa akashika brosse, akapanguza yote, tukapiga makofi.

Ku examen akauliza: "Kati ya muti na muti unaacha nafasi gani?" Rafiki yangu moya akaandika: "Inategemea ukubwa wa ubao." Alipata point.

Njo vile nilikuwa mukulima.

Mwaka uliofwata, Papa akatuita. Papa anauzishaka cacao, ile ya kweli, si ya craie. Akasema: "Hapa mutasoma na roho mukononi mupaka lini? Muende Butembo kwa shangazi yenu."

"Muende" ni miye na mudogo wangu wa kike, Kavira. Alitoka tu kupata diplôme d'État, cheti ya sekondari, na yeye pia akataka agronomie, kama vile sekta zingine zilifungwa. Mwenye anamujua Kavira aniombee. Huyu mutoto anakumbukaka kila kitu ulimukosea tangu akiwa na meno ya maziwa.

Plan ilikuwa: miye L2, yeye L1. Ananiita yaya, kaka mukubwa, ananiogopa kidogo mbele ya batu, maisha inaendelea. Plan muzuri kabisa. Plan muzuri njo zinakufaka mapema.

Tukafika ku bureau ya Madame Secrétaire wa faculté. Kavira akakaa ku banc, benchi ya inje. Mulango wazi. Hiyo mulango wazi njo ilinimaliza.

Madame akashika relevé yangu, karatasi ya cote, anashuka nayo kwa kidole.

"Français, sawa. Chimie, sawa. Botanique, sawa. Anglais... eh, sawa tu."

Miye huku kifua inapanuka.

"Agriculture générale, seize! Kakule, uko mukulima?"

"Kidogo, Madame."

"Ulilima fasi gani?"

Bakubwa, pale kulikuwa nafasi ya kusema bongo. Nikaitafuta. Ilikawiya kufika.

"Mu auditoire, Madame."

Akavua miwani.

"Mu auditoire munalimaka nini?"

"Cacao."

"Cacao. Mu auditoire."

"Iliota muzuri, Madame."

Inje nikasikia mutu anakohoa. Haikuwa mafua.

Madame hakukasirika. Heri angekasirika. Akanieleza na sauti ya munganga anakuambia kama mukono itabakia lakini vidole hapana. Anajua shida ya Beni, ana ndugu kule, hanilaumu. Cours zangu zote amekubali. Lakini kwao ile TP ya L1 njo mulango ya L2: mwenye hajashika jembe hawezi kufwata cours za mimea. Anaweza kuniacha nisikilize L2 kwa muda. Kabla ya session ya mitihani, niwe nimefungua udongo wa kweli, nimepanda, nimepalilia. Kama hapana, L1 yote toka mwanzo. Na mashamba ya université ilikwisha kugawiwa, donc nitafute yangu.

L1. Auditoire moya na Kavira. Pengine banc moya.

Nikatoka inje. Alikuwa ananingojea na uso ya mutu wa kwenda komunyo.

"Karibu, mudogo wangu," akasema. "Nitakuchungia fasi ya mbele, karibu na ubao. Si shamba yako iko pale?"

Siku hiyo niliapa: nitakula udongo lakini L1 sirudi. Sehemu ya kwanza ya kiapo ilitimia, mutaona.

Kwanza nikaonana na Assistant wa TP. Kijana mwembamba, anatembeaka na moto, njo pikipiki, na buti ya matope, anaongea kidogo kama vile maneno inauzishwa.

"Shamba yako, jembe yako, mikono yako," akasema. "Nitakuya bila kukuambia. Siku nitakuta mutu mwingine analima kwako, TP imekufa. Na miye sifufuake batu balikufa."

Sawa. Nikapanda mupaka Masereka, ku milima, kwa Mukaka wangu, nyanya muzaa Papa. Akanipa kipande ya mulima yake bila kuuliza mambo mingi. Alifurahi. Bajukulu ba muji banakuyaka kwake kula viazi, zile pomme de terre, si kuzilima.

Kwa bale hawajafikaka Masereka: ni juu, kuna baridi, na mashamba ya kule haikulala kama ya batu bengine. Imesimama. Miye mutoto wa Beni, wa joto na fasi sawa, nikapiga jembe ya kwanza, jembe ikabaki juu, miye nikafika chini. Njo pale nilikula ule udongo.

Mukaka akakuya na kikapo, akaangalia kushoto, akaangalia kuume.

"Bengine bako wapi?"

"Bengine gani, Mukaka?"

"Bale munalima nao."

"Niko miye moya. Université njo inataka vile."

Akaweka kikapo chini polepole.

"Uligombana na nani?"

Bale si ba kwetu, mufungue masikio. Kule kulima ni likirimba. Batu ba mulima moya banajiunga: leo bote kwa huyu, kesho bote kwa ule, mupaka kila mutu azungukiwe. Mutu ukiona analima peke yake, ni moya kati ya mambo mbili. Ao aligombana na mulima muzima, ao ni mulozi, muchawi.

Miye nilikuwa nimefika asubui hiyo hiyo. Kugombana na mulima muzima singepata muda. Donc ilibakia ile ingine.

Nilikuwa nalima Jumamosi tu, samedi na samedi, juu katikati ya semaine niko ku cours Butembo. Kila samedi habari yangu ilikuwa inakomaa kuliko miye. Batoto banapita mbio mbele ya shamba. Katekista akakuya na upole mingi kuniuliza kama kuna kitu inalemea roho yangu. Nikamuambia ndiyo, jembe.

Hakucheka.

Kisha akakuya Mama Kahambu, mukubwa wa likirimba. Mama mufupi, sauti ya mégaphone. Ile nilikuwa nimelima mupaka siku hiyo ilitosha mbuzi moya kulala, kama inakunja miguu.

"Kakule, mujukulu wa kwetu. Nani alikufanya vibaya?"

"Hakuna mutu, Mama. Nataka tu kulima miye moya."

Akanishika mikono, akaangalia malengelenge, akamugeukia Mukaka kama vile siko pale.

"Mutoto anagonjwa."

Nikaeleza yote. Assistant, TP, crédits, L1, ata Kavira. Nilieleza muzuri, na mifano. Alikuwa anaitika na kichwa vile unamuitikia mutu wa homa anakuambia kuna tembo mu chumba.

"Sawa, mwanangu, sawa. Uende kusoma. Itaisha."

Miye nikaelewa: ataniacha. Yeye alikuwa ameelewa: hii ni urgence, mugonjwa wa haraka.

Samedi ya kufwata nikashuka ku moto, nikasikia nyimbo. Nyimbo inatoka upande wa shamba yangu. Nikapanda mbio, pumzi inaisha, na nikaona.

Shamba yote imefunguliwa. Yote! Mistari imenyooka, inakata mulima toka upande huu mupaka ule. Maharagi inapandwa. Bamama kwa bamama, migongo juu, jembe zinapanda na kushuka pamoja, Mama Kahambu njo anaongoza wimbo. Mukaka anapika sufuria ya pomme de terre ya kulisha harusi.

Na katikati yabo, kitambaa ku kichwa, jembe mukononi, nani? Kavira.

"Yaya!" akaniita. "Mukaka aliniita, akasema unagonjwa. Ningekatala?"

Bakubwa, sura yake ilikuwa ya malaika. Malaika mwenye anajua règlement, sheria ya TP, kifungu kwa kifungu.

"Muache!" nikapiga kelele. "Bamama, nawaomba, muweke jembe chini! Muache!"

Mama Kahambu akaambia bengine: "Muharakishe, ugonjwa imeanza kumupanda."

Na pale pale, kwa sababu Mungu naye anapendaka kucheka, nikasikia moto ingine. Buti ya matope. Assistant.

Akasimama chini ya shamba, akaangalia ile yote. Akatoa fiche ya cote na bic, kalamu yake.

"Hii shamba ni ya nani?"

Bamama bote kwa sauti moya: "Ya Kakule!"

"Nani alilima?"

"Siye bote!"

Na furaha, bakubwa. Na makofi juu.

"Na Kakule alilima wapi?"

Hapo Mukaka wangu mwenyewe, damu yangu, akajibu na kiburi ya nyanya: "Kakule hana muda ya kulima! Kakule anasomaka!"

Bic ikaanza kutembea. Niliona zéro inazaliwa, mviringo muzuri, imefungwa vizuri. Nilikuwa nafikiri tu banc ya L1, na Kavira ananisogezea nafasi.

Kavira mwenyewe akaangalia ile fiche, akaacha kucheka. Nitamuhesabia hiyo. Akasema: "Assistant, yeye aliwakataza. Kweli. Karibu alilia."

Asante kwa "alilia", mudogo wangu.

Assistant akasema: "Sheria ni sheria."

Pale Mama Kahambu, anapanguza jembe yake na nyasi, hana habari ya sheria ya mutu, akaniambia: "Kakule, kesho kutwa, lundi, ni kwangu. Mercredi kwa Mama Masika wa pale ku kisima. Usichelewe, miye sipendake batu ba kuchelewa."

"Lundi nini, Mama?"

"Lundi kulima! Ulizani tulikuya kutembea? Bote tulilima kwako. Utalima kwetu bote."

Bic ya Assistant ikasimama.

Sasa mujue kama Assistant naye ni mutoto wa milima hii hii. Mama yake alimulisha na likirimba. Akamuangalia Mama Kahambu, akaniangalia miye, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Mama, huyu atalipa kweli?"

"Atakosa namna gani? Mukaka yake anaishi hapa."

"Muna kazi gani kwenu?"

Bakaanza kusema bote pamoja. Huyu ana shamba ya kufungua. Huyu anapanda pomme de terre. Ule maharagi yake iko na majani mingi, inangoja kupaliliwa. Mwingine ana mboga, poireaux. Miye nasikia kazi inazaana kama panya.

Assistant akaandika, akanisogezea fiche.

"Shamba yako ni zéro, hiyo haibadilike," akasema. "Lakini zile za bamama hakuna mutu atakusaidia, juu kila mutu atakuwa ku mustari yake. Nitakuya kukucotea kule. Kufungua, kupanda, kupalilia. Ukikosa kwa mama moya, L1."

Nikaangalia ile kundi ya bamama. Hawakuwa kidogo.

Nikasema: "Wasingya, Assistant." Hiyo ni asante ya kwetu. Singeweza kusema ile nilikuwa nafikiri.

Bakubwa, sitawaeleza yote iliyofwata, kuna batoto humu. Cours zikawa za mangaribi ku cahier ya kukopia kwa barafiki. Niliongea na Madame Secrétaire, akanipa ruhusa, akanitakia nguvu, nikasikia anacheka nyuma ya mulango.

Mu likirimba hakuna kujificha. Munasimama mustari moya, kila mutu na sehemu yake, munapanda mulima pamoja. Ukibaki nyuma, mulima muzima unaona makalio yako iko pekee. Kwa Mama Kahambu nilibaki nyuma mupaka bamama bakamaliza, bakakaa, bakakula, bakaanza kunipigia wimbo. Wimbo ilikuwa na jina yangu ndani. Mupaka leo iko.

"Rudia!" Mama Kahambu ananiambia. "Hapo haukulima, ulikwaruza. Udongo haina upele."

Prof wa Beni alinipa seize bila kusimama. Mama Kahambu alinirudisha mustari moya mupaka nikaiota usiku.

Lakini, na hii nasema polepole juu sitaki Kavira asikie, siku moya nikaona tuko tunapanda mulima na siko nyuma. Siko mbele. Niko tu mu mustari. Mama Masika akanipa ndizi, akaendelea.

Assistant alikuwa anatokeaka kama mvua. Anakaa ku jiwe, anauliza.

"Juu ya nini unakata mulima, haufwate mulima?"

"Ukifwata, mvua ikinyesha udongo yote inaenda kwa jirani wa chini, na jirani wa chini ni Mama Kahambu. Hatairudisha."

Akaandika.

"Mbegu ya pomme de terre unaiweka namna gani?"

"Macho juu. Kama miye siku ya kwanza, mbele nianguke."

Akaandika tena. Pengine alikuwa anachora tu, sijui.

Mwisho nikamaliza kwa mama wa mwisho. Cote ikatoka: douze, kumi na mbili.

Musome tena. Beni, bila kugusa jembe: seize. Masereka, nimelima mulima muzima: douze. Nikaenda kuuliza Assistant zile zingine ziko wapi. Akasema: "Uliza Mama Kahambu. Yeye alitaka onze, moya chini."

Lakini douze inatosha. Madame akaandika "validé", imekubaliwa, miye L2 ya kweli, si ya kusikiliza. Nilipita mbele ya auditoire ya L1 mara nyingi siku hiyo bila sababu yoyote.

Mungezani uzi inaishia pale. Miye pia nilizani.

Assistant alipendezwa na ile mambo, akaifanya règlement. Sasa ba-L1 ukitaka kusaidiwa ku shamba, ruhusa. Lakini kila mutu alikusaidia, unaenda kulima kwake, Assistant anakaa ku jiwe anacote. Ba-L1 banaita hiyo "règle ya Kakule". Hawaisemake na mapendo.

Na Kavira yuko L1. Na amepewa shamba.

Semaine iliyopita akakuya ku chumba, kitambaa ku kichwa, upole mingi.

"Yaya. Unakumbuka ile samedi ulikuwa unagonjwa?"

"Sikuwa nagonjwa."

"Nililima kwako, si ndiyo?"

Bakubwa. Bamama bote nililipa. Moya kwa moya. Huyu mwenye kitambaa nilimusahau, na yeye hasahauke. Mardi, Jumanne iliyopita, nilikuwa ku shamba ya L1, jembe mukononi, mbele ya promotion, darasa yao yote. Assistant akapita na moto, akapunguza mwendo.

"Kakule, weye si ulitoka L1?"

Kavira akajibu mbele yangu: "Anarudiaka kidogo, Assistant."

Donc somo, kwa bale banataka kuhama université:

Mbele ya kufunga sanduku, uende kuuliza kule unaenda, si kule unatoka. Bakuambie cours kwa cours: hii tunaitika, hii hapana, na juu ya nini. Cote yako itakubeba mupaka ku mulango tu. Mule ndani batakuuliza ulifanya nini na mikono.

Na prof wetu wa Beni simucheki, musielewe vibaya. Alichora kwa sababu hakuna mutu alimupa njia ya kwenda shamba. Siku ile njia itafunguka, nitarudi kumuonyesha. Na jembe, si na craie. Ubao yake ilikuwa muzuri lakini haikukuwa na mulima.

Sasa zamu yenu. Bale mulihama, cours gani ilikataliwa na mulifanya nini? Ba-médecine, mulichora mugonjwa ku ubao? Ba-droit, nyinyi mutulie, kwenu ubao njo shamba. Na kama kuna mutu alilipaka deni ya likirimba kwa mudogo wake mwenyewe, aniambie inaishaka lini. Miye nasema nimekwisha kulipa: siku moya kwa siku moya. Mardi siendi. Nimesema.

EDIT: Kavira amesoma uzi. Anasema ile mardi niliondoka kabla ya kupalilia, donc deni iko bado.

EDIT 2: Amemupigia Mukaka simu. Mukaka amemupigia Mama Kahambu.

EDIT 3: Mardi niko ku shamba.